Tonge linapopalia na ulimi unapokuwa mzito: mgonjwa huyu hahitaji daktari mmoja tu

Na Mwandishi Wetu

Mtu mzima anayeburura maneno saa tatu za asubuhi hana bahati katika vijiji vyetu. Majirani hawaulizi anaumwa nini, husema amekunywa. Akipaliwa na chai mbele ya wageni watamgonga mgongoni na kuendelea na mazungumzo. Akianza kukonda, minong'ono hubadilika. Pande za Kisegi na Gwassi, kama kwingineko katika ufuo wa Ziwa Victoria kwenye kaunti za Homa Bay na Migori, wako watakaosema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mwiko, na wako watakaokisia Ukimwi au kifua kikuu. Huenda ugonjwa wenyewe ni mwingine kabisa, na kila mwezi unaopita katika kukisia ni mwezi uliopotea.

Ugonjwa tunaouzungumzia leo ni ule wa neva za mwendo. Katika karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi MND, na aina yake inayojulikana zaidi huandikwa ALS. Neva hizo ni kama nyaya zinazopeleka amri kutoka ubongoni na kwenye uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Zinapokufa moja baada ya nyingine, misuli hukosa amri, hunywea, hukakamaa, na mara nyingi huchezacheza yenyewe chini ya ngozi. Macho huendelea kuona na kuzunguka, masikio husikia, ngozi huhisi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka wa 1869, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya. Riluzole, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1995, huongeza miezi michache tu ya uhai.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi za Ulaya wagonjwa wapya ni wawili au watatu hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa wamepita umri wa miaka 50. Wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili ya kwanza, ingawa kuna wachache wanaopita hapo. Mwanasayansi Mwingereza Stephen Hawking aliambiwa anao mwaka wa 1963 akiwa na miaka 21, akafariki mwaka wa 2018. Huyo hakuwa mgonjwa wa kawaida, na si vizuri kumpa mtu matumaini kwa mfano wake.

Basi mbona tuutengee ugonjwa huo nafasi kubwa hivi? Kwa sababu mateso yake mawili mabaya zaidi, yaani kushindwa kumeza na kushindwa kusema, ndiyo hasa yanayoweza kupunguzwa. Na hazihitajiki mashine za Nairobi. Mengi yatakayosemwa hapa yatamfaa pia aliyepatwa na kiharusi, na hao tunao katika kila kata.

MAJI HUTANGULIA

Kumeza tunakuona kuwa jambo dogo kwa sababu hatukufikirii. Kumbe tonge moja hushughulisha misuli mingi ya midomo, ulimi, mashavu na koo, na yote lazima ifuatane kwa mpango. Ulimi hukusanya chakula na kukisukuma nyuma, njia ya kuelekea puani hufungwa, koromeo hupanda juu, na kifuniko kidogo huziba njia ya pumzi ili chakula kiteremke kwenye umio. Misuli hiyo ikilegea, mpango huvurugika, na kile kilichokusudiwa kwenda tumboni huteleza kuelekea mapafuni.

Maji ndiyo husumbua mapema. Yanakimbia mno, na koo lililopungukiwa na nguvu haliwahi kujifunga. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii huweza kupaliwa na maji au chai huku akimeza viazi vilivyopondwa bila taabu. Ni vizuri mtu wa nyumbani akumbuke jambo hili, kwa sababu saratani ya umio, ambayo si ngeni magharibi mwa Kenya, kwa kawaida huanza kinyume: nyama na ugali husakama kwanza, na maji hupita mpaka siku za baadaye. Kumweleza mhudumu wa zahanati ni kipi kinachokataa kupita ni kumfanyia nusu ya kazi yake.

Dalili nyingine ni kikohozi wakati wa kula au muda mfupi baadaye, sauti inayotoka kama ina maji ndani yake, chakula kinachobaki kwenye mashavu, udenda, mlo unaochukua saa nzima, na homa za kifua zinazorudi. Hiyo ya mwisho ni ya hatari. Chakula na mate yenye vijidudu yakiingia mapafuni huleta nimonia, na wagonjwa wengine huingiwa na chakula mapafuni pasipo kukohoa hata kidogo.

Matamshi nayo hubadilika. Wengine husikika kama wana king'ong'o, wengine sauti hukwaruza, na wengine huvuta maneno polepole. Kwa robo hivi ya wagonjwa ugonjwa huanzia hapa hapa, kwenye ulimi na koo, kabla mikono na miguu haijaguswa. Hao ndio huitwa walevi.

Sio kila anayepaliwa ana ugonjwa huu, na hili nalisema kwa mkazo. Yapo magonjwa yanayofanana nao na yana tiba. Upo ulegevu wa misuli ambao mtu huamka na nguvu, lakini ikifika jioni kope zimeanguka na ulimi umechoka. Huo una dawa. Virusi vya Ukimwi vyenyewe vimewahi kuonekana vikileta hali inayofanana na ugonjwa wa neva za mwendo, na baadhi ya wagonjwa hao walipata nafuu walipoanza dawa za kupunguza makali. Katika eneo ambalo Ukimwi umeenea kama letu, kipimo hicho hakiwezi kurukwa. Kwa hiyo atakayemwambia mgonjwa "huu hauna dawa" sharti awe daktari aliyempima, ikiwezekana yule wa neva. Jirani na mpiga ramli hawana ruhusa hiyo.

WATU WENGI, DAFTARI MOJA

Mwaka wa 2003 madaktari wa Dublin, Ireland, walichapisha hesabu iliyowashangaza wengi. Waliwalinganisha wagonjwa waliohudumiwa katika kliniki moja yenye wataalamu wa kila aina na wale waliokwenda kwa madaktari wa neva wa kawaida. Waliohudumiwa na kundi waliishi takriban miezi 7.5 zaidi. Wale ambao ugonjwa wao ulianzia kooni walipata zaidi: karibu miezi 9.6. Hakukuwa na dawa ya ajabu katika kliniki hiyo. Kilichokuwapo ni watu waliotazama mgonjwa mmoja kwa pamoja: wa kumeza na matamshi, wa lishe, wa viungo, wa mapafu, muuguzi na daktari.

Ukisoma hayo ukiwa Kisegi utauliza, na una haki, watu hao watapatikana wapi. Mtaalamu wa matamshi na kumeza ni adimu nchini. Kwa miaka mingi waliotaka kazi hiyo walilazimika kusomea ng'ambo, hadi Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala kilipoanzisha shahada yake mwaka wa 2008, na idadi yao bado ni ndogo mno. Daktari wa neva naye hutafutwa Kisumu, Eldoret au Nairobi. Kumsafirisha mtu anayepaliwa na mate yake kutoka vilima vya Gwassi hadi ile hospitali kuu ya Kisumu ambayo wazee bado huiita "Russia" si safari ya kufanywa kila mwezi.

Lakini kundi halilazimiki kukaa chini ya paa moja. Hospitali za rufaa za kaunti huwa na mtaalamu wa lishe na wa tiba ya viungo. Zahanati ina muuguzi na mizani. Kijijini yuko mhudumu wa afya ya jamii. Serikali ilitangaza wahudumu 100,000 wa namna hiyo kote nchini mwezi Septemba 2023. Na nyumbani yuko yule ambaye vitabu vya udaktari humtaja mwisho ilhali ndiye anayefanya kazi kubwa: mpishi. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo kati yao. Mtaalamu wa lishe husema mgonjwa anywe maji mengi, daktari huandika vidonge vikubwa, wa viungo hapati habari kwamba mgonjwa hupaliwa akilala chali, na mpishi hakuulizwa lolote.

Daftari moja la shule linaweza kuziba pengo hilo. Liandikwe uzito wa kila mwezi, vyakula vilivyopita na vilivyokataa, siku za homa ya kifua, na maagizo ya kila aliyemwona mgonjwa, kisha lisafiri naye popote aendapo. Uzito ndio wa kutazamwa kwanza. Aliyekuwa na kilo 70 akifika 63 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hapo hakuna kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

JIKONI

Kikao ni nusu ya tiba. Mgonjwa aketi wima kwenye kiti, miguu ikigusa chini, kichwa kikiinama mbele kidogo. Wengi husaidika wakimeza huku kidevu kimeelekezwa kifuani, ingawa si wote, na mtaalamu akipatikana aulizwe. Asinyweshwe kwa chupa wala kwa glasi ndefu inayomlazimu kuinua uso. Kikombe kipana ni bora. Kijiko kiwe kidogo, na tonge la pili lisubiri la kwanza literemke. Redio izimwe, wageni wasimsemeshe akiwa anatafuna. Baada ya kula akae wima nusu saa.

Vyakula vyetu si vibaya kwa mgonjwa huyu, ila vinahitaji kugeuzwa. Ugali mkavu hutawanyika mdomoni, nao mchuzi mwepesi wenye vipande ndani yake ni mtego, kwa kuwa maji hukimbia mbele wakati mtu bado anatafuna. Nyoyo, kwa maganda yake, iwekwe kando. Omena nzima ina vichwa na mikia inayokwaruza, lakini omena iliyokaushwa vizuri, ikasagwa na kuchekechwa, huingia kwenye uji na kuongeza protini bila kuonekana. Ngege au mbuta achemshwe, atolewe miiba yote kwa vidole na wala si kwa macho tu, kisha apondwe na mchuzi wake mzito. Viazi vitamu, ndizi, parachichi, mayai laini na maziwa lala hupita vizuri. Siagi ya njugu na kijiko cha mafuta kwenye uji huongeza nguvu pasipo kuongeza wingi, na hilo ni muhimu kwa mtu anayechoka baada ya vijiko kumi.

Uzito wa uji unaweza kupimwa, na kifaa kinapatikana zahanati yoyote. Ni bomba la sindano la mililita 10, lile ambalo mistari yake kutoka 0 hadi 10 ina urefu wa sentimita 6 hivi. Toa sindano na kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi mstari wa 10, kisha achia kidole kwa sekunde 10 na uzibe tena. Kikibaki chini ya mililita 1, kinywaji hicho ni chepesi kama maji. Kati ya 1 na 4 ni kizito kidogo, kati ya 4 na 8 ni kizito kiasi, na zaidi ya 8 ni kizito zaidi. Huu ndio mtindo wa kimataifa unaoitwa IDDSI, na faida yake ni kwamba muuguzi wa Homa Bay akisema "kati ya 4 na 8", mpishi wa Kisegi anajua hasa la kufanya. Pima uji ukiwa na joto lile lile la kunyweka, maana ukipoa huganda. Na usirudishe kijiko chenye mate kwenye bakuli kubwa, kwani mate huyeyusha wanga na uji mzito hugeuka maji mbele ya macho yako.

Kiu isisahauliwe. Wagonjwa wengi huacha kunywa kwa hofu ya kupaliwa, na kwa joto la ufuo wa ziwa hilo huleta choo kigumu na makohozi ya kunata. Mdomo nao usafishwe asubuhi na usiku hata kama mtu hali kitu, kwani kinywa kichafu ndicho chanzo cha vijidudu vya nimonia. Vidonge visipondwe kabla ya kumuuliza mfamasia. Vingine havifai kupondwa.

Na udenda? Hapa daktari ana la kufanya. Dawa ya bei nafuu iitwayo amitriptyline, kwa kipimo kidogo, hukausha mate na huleta usingizi pia. Iandikwe na daktari, kwani ina madhara yake, hasa kwa wazee.

MPIRA WA TUMBONI

Siku itafika ambapo vijiko havitoshi. Wakati huo chakula kinaweza kupitishwa kwa mpira mdogo unaoingizwa moja kwa moja tumboni kupitia ngozi. Mpira wa puani upo pia, lakini hukera na haufai kwa miezi mingi. Nimesikia familia zikisema kukubali mpira ni kukubali kifo, na hofu hiyo naielewa, ila ndiyo inayoharibu mambo. Mpira huwekwa kwa usalama zaidi wakati mapafu bado yana nguvu. Wataalamu hupenda uwezo wa kupumua uwe haujashuka chini ya nusu. Anayesubiri hadi akonde na ahemehem huenda akaambiwa amechelewa. Mazungumzo basi yafanywe mgonjwa angali anakula na angali anaweza kusema ndiyo au la kwa kinywa chake. Akisema la, jibu hilo nalo liheshimiwe na kuandikwa daftarini.

Aliyewekewa mpira hakatazwi kuonja. Kijiko cha mchuzi wa samaki ulimini, kwa idhini ya wanaomhudumia, ni haki yake.

SAUTI

Mazoezi ya ulimi hayarudishi neva zilizokufa, na kumsukuma mgonjwa apige kelele kila asubuhi humchosha bure. Mtaalamu wa matamshi hufanya kazi nyingine: hutafuta njia ya ujumbe kupita. Neno kuu litangulie. "Maji, nataka" hueleweka haraka kuliko sentensi ndefu inayokatika njiani. Msikilizaji aketi uso kwa uso, asijifanye ameelewa, na aulize kwa maswali ya ndiyo na la: "Jaduong', ni uji? Ni blanketi? Ni mguu unauma?" Mgonjwa aweza kujibu kwa kuinua macho juu kwa ndiyo na kuyafumba kwa la, kwani macho kwa kawaida hubaki na nguvu hadi mwisho.

Kwa aliyesoma, andika herufi kwa mistari mitano kwenye kadibodi. Msaidizi ataje mstari, mgonjwa ainue macho. Kisha ataje herufi za mstari huo moja moja. Ni polepole, lakini wosia mzima unaweza kuandikwa hivyo. Kwa ambaye hakusoma, michoro ya vitu vyake vya kila siku inatosha: kikombe, choo, dirisha, mto, Biblia, simu ya mwanawe. Achore mtu wa nyumbani anayemjua, maana michoro iliyopigwa chapa ng'ambo ina picha za vitu ambavyo mzee wa Gwassi hajawahi kuviomba.

Mashine zinazosema zipo, na Hawking alitumia moja tangu miaka ya 1980 baada ya kupasuliwa koo mwaka wa 1985. Sauti yake ilikuwa na lafudhi ya Kimarekani, na alipoletewa nyingine aliikataa kwa kuwa aliizoea. Lakini mashine nyingi zilitengenezwa kwa Kiingereza kwanza. Mama anayewaombea wajukuu wake kwa Kidholuo, au mzee ambaye bado ana Kisuba cha babu zake, lugha ambayo wengi wameiacha, hatatosheka nazo.

Kuna dawa rahisi zaidi. Mara tu ugonjwa unapotambuliwa, ulimi ungali mwepesi, simu iwekwe mezani na mgonjwa arekodi mwenyewe: majina ya watoto na wajukuu, salamu, utani wake, namna anavyomwita mkewe, "nipindue", "funga mlango", sala yake. Simu haijali ni lugha gani. Rekodi zinakiliwe kwenye simu ya pili, kwani simu huanguka ziwani.

KICHEKO, KILIO NA USIKU

Jambo moja huzivunja moyo familia nyingi. Mgonjwa huangua kicheko matangani, au hulia machozi mengi kwa kusalimiwa tu. Hajarukwa na akili, wala si dharau. Ni neva zinazozuia kicheko na kilio ndizo zilizolegea, na kuna dawa za kupunguza hali hiyo. Wengine huwa na mabadiliko ya tabia na maamuzi pia, na hayo yaelezwe kwa daktari bila aibu. Maumivu ya kichwa asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu na kushindwa kulala chali ni ishara kwamba mapafu yanachoka. Hapo hospitali itafutwe mapema.

Karibu kila mgonjwa huogopa kwamba atakufa kwa kukabwa. Wachache huuliza, wengine hukaa nayo kifuani. Uchunguzi wa Ujerumani na Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2001 ulifuatilia siku za mwisho za wagonjwa wa aina hii na ukakuta wengi sana walifariki kwa utulivu, na hakuna aliyekufa kwa kukabwa na chakula. Kwa nyakati za kuhema kwa shida, morfini ya kunywa kwa kipimo kidogo hutuliza. Huduma ya namna hiyo, ambayo wengine huiita tiba shufaa, ilianza kujulikana nchini kupitia Nairobi Hospice iliyofunguliwa mwaka wa 1990, na sasa inapatikana pia katika hospitali kadhaa za kaunti. Ombeni jina la muuguzi wa huduma hiyo siku ile ile mnapopewa jina la ugonjwa, mliandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na namba yake ya simu.